Kupima maji ya tangi kwa ESP32: mwongozo kwa mwandika programu anayetaka kushika waya

Ukiandika programu kutwa nzima, unazoea namba zinazotii. Iulize hifadhidata salio la mteja mara kumi, itakupa jibu lile lile mara kumi. Iulize sensa kuna maji kiasi gani kwenye tangi, utapata majibu kumi yanayopishana, na mawili kati yake hayana maana kabisa. Kuunganisha waya ni kazi ya jioni moja. Kuifanya namba iaminike, hadi mtu wa nyumbani akiitazama kwenye simu aamue kufua nguo leo au kusubiri kesho, ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayoufanya mradi huu upendeze kuliko kuwasha na kuzima taa.

Nimechagua tangi kwa sababu tatizo lenyewe ni la kweli. Nyumba nyingi za mijini kwetu hupata maji kwa mgao, na tangi liko juu ya mnara wa zege au wa chuma. Anayetaka kujua kama maji yatafika Jumamosi hupanda ngazi, au hugonga tangi kwa kiganja akishuka nalo hadi sauti ibadilike. Sensa ndogo ya mawimbi ya sauti inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Vifaa

Cha kwanza ni bodi ya ESP32, kompyuta ndogo unayoiandikia programu na kuiunga waya. Chipu yake ilitolewa mwaka 2016 na Espressif, kampuni ya Shanghai, nayo ina Wi-Fi na Bluetooth ndani yake. Nunua bodi yenye tundu la USB na pini zilizokwisha kulehemiwa. Cha pili ni sensa ya JSN-SR04T, yenye jicho moja la mviringo lililozibwa lisiingie maji na kebo ya takribani mita mbili na nusu. Muuzaji anaweza kukupa HC-SR04 yenye macho mawili kwa sababu ni ya bei ndogo. Hiyo inafaa mezani tu. Ndani ya tangi mvuke utaingia kwenye macho yake na kuila.

Ongeza bredibodi (ubao wa kuunganisha vifaa bila kulehemu), jampa (waya fupi za kuchomeka), rizista kadhaa za kilo-ohmu 1 na moja ya kilo-ohmu 4.7, sensa ya joto ya DS18B20 iliyofungwa kwenye mrija wa chuma, kapasita ya maikrofaradi 470 au 1000 ya volti 10 na kuendelea, chaja ya simu ya volti 5, na lile sanduku la plastiki lisiloingia mvua ambalo mafundi umeme hufungia viungo vya waya nje ya nyumba. Multimita, kifaa cha kupima volti na ohmu, ni lazima. Bila multimita unabahatisha. Kwa Dar es Salaam vitu hivi viko Kariakoo. Kwa Nairobi anzia Luthuli Avenue.

Hatua ya 1: bodi peke yake

Usiunganishe chochote bado. Weka Thonny kwenye kompyuta, programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia, kisha uitumie kuweka MicroPython kwenye bodi. MicroPython ni Python iliyopunguzwa ikatosha kwenye chipu ndogo. Damien George aliianzisha kwa michango ya watu mwaka 2013. Ukipenda C++ tumia Arduino, hakuna ubaya. Mimi napendekeza MicroPython kwa sababu unaandika mstari mmoja, unabonyeza Enter, na pini inaitikia hapo hapo.

Kompyuta isipoiona bodi, badilisha kebo kabla ya kulaumu kitu kingine. Kebo nyingi zinazouzwa na chaja zina waya wa umeme tu, hazina waya wa data. Kama kebo ni nzima, tazama chipu ndogo iliyo karibu na tundu la USB: mara nyingi ni CP2102 au CH340, na kila moja ina draiva yake. Bodi nyingine hutaka ushikilie kitufe cha BOOT wakati uwekaji unaanza.

Iwashe taa ya bodi, izime, iunganishe na Wi-Fi ya nyumbani. ESP32 hii ya kawaida husikia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, kwa hiyo rauta iliyowekwa kwenye gigahezi 5 peke yake haitaonekana kamwe, hata ukiandika nenosiri kwa usahihi namna gani.

Hatua ya 2: sensa mezani

Sensa hutoa mlio wa kilohezi 40, ambao sikio la binadamu halisikii, kisha husubiri mwangwi. Pini yake ya Echo hubaki na volti 5 kwa muda uleule ambao sauti imesafiri kwenda na kurudi. Tatizo ni kwamba pini za ESP32 zimetengenezwa kwa volti 3.3. Ukiunganisha moja kwa moja huenda ikafanya kazi wiki nzima, halafu pini ikafa taratibu.

Tengeneza kigawanya volti. Kutoka Echo weka rizista ya kilo-ohmu 1 hadi pini ya 27 ya ESP32, na kutoka pini hiyo hiyo weka kilo-ohmu 2 hadi GND, yaani upande wa kutoa wa umeme. Ukikosa ya kilo-ohmu 2, fuatanisha mbili za kilo-ohmu 1. Volti 5 itafika kwenye pini ikiwa 3.33. Trig ya sensa, pini inayoiamuru ipige mlio, iende pini ya 26 moja kwa moja, umeme wa sensa utoke kwenye pini ya volti 5 ya bodi, na GND zote ziungane. Nimechagua 26 na 27 kwa makusudi. Pini za 6 hadi 11 zinatumiwa na kumbukumbu ya ndani, za 34 hadi 39 hupokea tu wala haziwezi kutuma, na za 0, 2, 5, 12 na 15 husomwa bodi inapowaka, kwa hiyo kitu kilichoungwa hapo kinaweza kuizuia isiamke.

Hatua ya 3: msimbo wa kupima

```python
from machine import Pin, time_pulse_us
import time

tuma = Pin(26, Pin.OUT)
pokea = Pin(27, Pin.IN)

def pima_mara_moja():
    tuma.value(0)
    time.sleep_us(5)
    tuma.value(1)
    time.sleep_us(20)
    tuma.value(0)
    muda = time_pulse_us(pokea, 1, 30000)
    if muda < 0:
        return None
    return muda * 0.0349 / 2

def pima():
    majibu = []
    for i in range(11):
        sm = pima_mara_moja()
        if sm is not None:
            majibu.append(sm)
        time.sleep_ms(80)
    if len(majibu) < 6:
        return None
    majibu.sort()
    return majibu[len(majibu) // 2]
```

Mambo mawili humo yanabeba mradi mzima.

La kwanza ni `None`. Mwangwi usiporudi ndani ya maikrosekunde 30,000, `time_pulse_us` hurudisha namba hasi. Wengi huigeuza kuwa sifuri, na hapo ndipo uongo unapoanza. Sifuri ni kipimo. "Sikusikia kitu" siyo kipimo. Tangi tupu na waya uliochomoka ni habari mbili tofauti, na siku utakapoamua pampu iwashwe na namba hii, tofauti hiyo itakuwa kati ya pampu nzima na pampu iliyoungua. Ibebe `None` hadi kwenye skrini ya simu: kama hakuna kipimo, iandikwe hakuna kipimo.

La pili ni kuchukua jibu la katikati badala ya wastani. Tuseme vipimo kumi vinasema sentimita 80 na kimoja, kilichopokea mwangwi wa ukutani, kinasema 30. Wastani utasema 75 na nusu, namba ambayo sensa haikuisoma hata mara moja. Ukivipanga kwa ukubwa na kuchukua cha katikati, unapata 80, na kile kibovu hakina sauti. Zile milisekunde 80 za kusubiri nazo usizifute. Tangi ni chumba kinachorudisha mwangwi mwingi, na mlio wa zamani usipotulia, kipimo kinachofuata kitausikia kama wake.

Hatua ya 4: jaribu na ukuta, kisha na ndoo

Elekeza sensa ukutani, weka futi sakafuni, pima kwa sentimita 40, 80, 120 na 160. Andika sensa inasema nini kwa kila umbali. Ikipotoka kwa kiasi kilekile kila mahali, kuna namba ya kujumlisha au kutoa. Ikipotoka zaidi kadiri unavyorudi nyuma, kasi ya sauti uliyoweka siyo sahihi kwa joto la chumba hicho.

Sasa isogeze karibu hadi sentimita 10. Itaropoka. Jicho moja ndilo linalopiga mlio na ndilo linalosikiliza, na baada ya kupiga huendelea kutetemeka kwa muda mfupi likiwa kiziwi. Kwa JSN-SR04T eneo hilo la uziwi ni sentimita 20 hadi 25. Likumbuke, kwa sababu ndilo litakaloamua sensa ikae wapi juu ya tangi.

Malizia na ndoo pana iliyojaa maji nusu, sensa ikiwa imening'inizwa juu yake. Tikisa maji kidogo. Utaona vipimo vinayumba na jibu la katikati likitulia.

Hatua ya 5: kutoka sentimita hadi lita

Usitegemee namba iliyochapwa ubavuni mwa tangi. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye tangi, gawa mzingo kwa 3.1416, upate kipenyo. Mzingo wa sentimita 346 ni kipenyo cha 110, yaani nusu kipenyo 55. Eneo la sakafu ni 3.1416 mara 55 mara 55, karibu sentimita za mraba 9,500. Kila sentimita moja ya kina ni lita 9.5.

Hesabu hiyo iandike ukutani juu ya meza yako: sentimita mbili za kosa ni lita 19, karibu ndoo nzima ya lita 20. Ndiyo maana nasisitiza kipimo.

Kina cha maji ni umbali kutoka sensa hadi sakafu ya tangi ukitoa umbali ambao sensa imesoma. Kisha kuna jambo ambalo hesabu ya shuleni hailitaji. Bomba la kutokea huwa limefungwa juu kidogo ya sakafu. Likiwa sentimita 8 juu, lita 76 zilizo chini yake hazitakufikia bombani hata siku moja. Zitoe. Anayetazama simu anataka kujua maji anayoweza kuyatumia. Mabega ya juu ya tangi, pale linapoanza kupungua upana, nayo huifanya hesabu ya mcheduara iseme zaidi ya ukweli. Mimi huyaacha hivyo, kwa sababu tangi likiwa limejaa hadi huko hakuna anayehesabu lita.

Hatua ya 6: joto

Kasi ya sauti hewani ni mita 331.3 kwa sekunde kwenye nyuzi sifuri, na huongezeka kwa takribani 0.6 kila nyuzi joto moja ya Selsiasi. Ile 0.0349 kwenye msimbo ni kasi ya nyuzi 30, kwa sentimita kwa maikrosekunde. Lakini tangi jeusi lililo juani mchana lina hewa ya moto zaidi ya hapo. Ikifika nyuzi 45, umbali wa sentimita 100 utasomeka 97 na nusu, na simu itakuonyesha lita 24 ambazo hazipo. Usiku zitapotea tena. Bila kujua sababu utadhani kuna anayechota.

DS18B20 inamaliza tatizo hilo. Nyekundu kwenye volti 3.3, nyeusi kwenye GND, waya wa data kwenye pini ya 4, na rizista ya kilo-ohmu 4.7 kati ya data na volti 3.3. Rangi hubadilika kwa watengenezaji, kwa hiyo soma maelezo ya uliyonunua. MicroPython ina `onewire` na `ds18x20` tayari: omba kipimo, subiri milisekunde 750, soma. Kisha badala ya 0.0349 weka `(331.3 + 0.606 * joto) / 10000`. Mrija wake uning'inie hewani karibu na sensa, usitumbukie majini, kwa kuwa unachotaka ni joto la hewa ambayo sauti inapita.

Hatua ya 7: juu ya tangi

Kifuniko kishushwe chini na kitobolewe chini. Unga wa plastiki usiingie kwenye maji mnayokunywa, na wewe usishike drili ukiwa juu ya ngazi. Wakati wa kupanda awepo mtu wa kushika ngazi.

Sensa itazame chini wima kabisa, mbali na ukuta wa tangi na mbali na pale maji yanapoingilia, kwa sababu maji yanayomwagika huwa na mwangwi wake. Kati ya jicho la sensa na maji ya juu kabisa, yaani pale boya linapofunga, pabaki sentimita 30. Matangi mengi hayana nafasi hiyo. Basi inyanyue sensa juu ya kifuniko kwa kipande kifupi cha bomba la PVC la inchi 4. Kiwe kifupi kadiri inavyowezekana na ukingo wake wa chini usafishwe kwa msasa, maana ukingo wenye vinundu hurudisha mwangwi wa uongo kwenye umbali uleule kila mara. Ukiona namba isiyobadilika hata maji yakishuka, chunguza hapo kwanza.

Bodi iingie kwenye lile sanduku, limefungwa kwenye mnara upande usiopigwa na mvua. Waya zote ziingilie chini, na kila waya ushuke kwanza chini ya usawa wa tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuufuata waya hadi ndani. Ziba kila upenyo. Sisimizi na mijusi hupenda kijisanduku chenye joto kuliko unavyodhani, na yai moja la mjusi juu ya pini mbili linatosha kukuondolea usingizi.

Viungo vya bredibodi havidumu nje. Baada ya kila kitu kufanya kazi mezani, hamishia kwenye ubao wa matundu na ulehemu. Pasha pini na ubao pamoja, kisha ndipo upeleke risasi. Kiungo kizuri hung'aa na kuteremka kama mteremko laini. Kilichojikusanya kama tone hakijashika.

Hatua ya 8: umeme

Wi-Fi inapotuma, ESP32 huvuta ghafla mamia ya miliampia kwa muda mfupi sana. Waya mwembamba mrefu hauwezi kutoa kiasi hicho bila volti kushuka. Kondakta moja ya kebo ya mtandao ina eneo la mkato la takribani milimita za mraba 0.2, kwa mita 10 kwenda na 10 kurudi inapoteza karibu volti 0.7 kwenye ampia 0.4, na bodi iliyotarajia 5 inapata 4.3. Hapo hujizima na kujiwasha, na Thonny itakuandikia neno brownout, yaani volti imeshuka mno. Unganisha kondakta kadhaa pamoja au tumia waya mnene, na uweke ile kapasita karibu kabisa na pini za umeme za bodi, mguu wenye mstari wa alama ya kutoa ukiwa GND.

Hatua ya 9: kwenye simu

Anza na ukurasa mmoja unaotolewa na bodi yenyewe: lita, asilimia, joto na saa ya kipimo cha mwisho. Saa hiyo usiiache. Namba isiyo na saa inaweza kuwa ya juzi. Kwenye rauta ipe bodi anwani isiyobadilika, uihifadhi kwenye simu za wote nyumbani. Nenosiri la Wi-Fi liwe kwenye faili lake pekee, lisiingie kwenye Git.

Ukitaka historia, tumia MQTT, itifaki nyepesi ya kutumiana ujumbe mfupi kati ya vifaa. Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper waliibuni mwaka 1999 kwa kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ililipiwa, na wepesi huo unaifaa bodi yako. Weka Mosquitto, programu inayopokea na kusambaza ujumbe wa MQTT, kwenye laptopu ya zamani yenye Linux, bodi itume kipimo kila dakika, na programu fupi iandike kwenye SQLite. Ongeza sharti moja kabla ya kuandika: kama lita zimeruka kwa kiasi ambacho bomba lako haliwezi kuingiza au kutoa kwa dakika moja, subiri kipimo kinachofuata kikubaliane kwanza.

Mwisho kabisa washa `machine.WDT`, mlinzi anayeiwasha bodi upya programu ikikwama. Iweke baada ya msimbo kukamilika, kwa kuwa ikishaanza haizimiki, na itakuwa inakukatisha kila unapojaribu kitu kwenye Thonny.

Wiki moja ya data inatosha kuanza kukufundisha nyumba yako. Tazama mstari wa saa nane hadi saa kumi na moja usiku, wakati wote wamelala. Mstari nao unapaswa kulala, usishuke. Ukishuka polepole kila usiku kwa kasi ileile, maji yanatoka mahali, na mara nyingi ni mpira wa ndani ya tangi la choo usioziba vizuri. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira ubadilishwe.

Kuhusu pampu

Utatamani kuiwasha pampu kwa bodi hii. Subiri hadi namba zikubaliane na fito iliyotumbukizwa tangini, asubuhi na mchana wa jua kali, kwa wiki kadhaa. Vibao vidogo vya relei, swichi inayowashwa na bodi, vyenye maandishi ya ampia 10 havifai kubeba pampu moja kwa moja, kwa kuwa mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida na kuichomelea relei ikabaki imewaka. Relei iwashe kontakta, yaani swichi kubwa iliyotengenezwa kwa mota, kontakta iwashe pampu, na upande wa volti 230 ufungwe na fundi umeme mwenye leseni. Boya la kawaida la kuzima pampu tangi likijaa libaki mahali pake, limeunganishwa kwa waya wake lenyewe, lisilojua kama kuna programu. Na kwenye msimbo, pampu iwashwe tu kipimo kikiwepo. Ikija `None`, izimwe.

Kila baada ya miezi michache fungua kifuniko, pangusa jicho la sensa kwa kitambaa laini, tumbukiza fito, ulinganishe.